Bangi na Dawa za Moyo: Kinachotokea Mgonjwa Anapozitumia Pamoja

Na Mwandishi Wetu

Mgonjwa wa moyo anapofika kliniki huulizwa dawa anazotumia. Hutaja kidonge cha presha, cha kupunguza maji mwilini, pengine na cha kuzuia damu kuganda. Wapo wanaotaja hata mwarobaini na kitunguu saumu. Bangi haitajwi. Anayeivuta huona kwamba hilo si jambo la kumweleza daktari, ama kwa kuwa sheria inaikataza, ama kwa kuwa mkewe amekaa pembeni, ama kwa kuwa yeye mwenyewe haihesabu kuwa dawa. Daktari naye hupanga dozi kwa kufuata alichoambiwa. Dozi hiyo ikikutana mwilini na kitu ambacho hakikutajwa, mgonjwa anaweza kutokwa na damu kupita kiasi, kuanguka ghafla, au kuzibwa tena mshipa ambao ulikwisha kuzibuliwa kwa gharama kubwa.

Makala haya yanafafanua namna bangi inavyoingilia utendaji wa dawa zinazotumika sana katika kutibu magonjwa ya moyo, dalili ambazo mgonjwa na familia yake hawapaswi kuzipuuza, na yale yanayopaswa kusemwa kliniki. Ieleweke tangu mwanzo kwamba kulima, kumiliki, kusafirisha, kuuza na kutumia bangi ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Sura ya 95. Makala haya hayalegezi jambo hilo hata kidogo. Hata hivyo, mtu aliyevunja sheria anabaki kuwa mgonjwa, na mwili wake unahitaji dozi iliyopangwa kwa taarifa sahihi.

Bangi ndani ya moyo na mishipa

Mmea wa bangi una kemikali zaidi ya 100 za kundi linaloitwa kanabinoidi. Zinazofahamika zaidi ni mbili: THC, ambayo ndiyo inayolevya, na CBD, ambayo hailevyi lakini ina uwezo mkubwa wa kuingilia dawa nyingine. Bangi ikivutwa, THC hufika katika damu ndani ya dakika chache. Mapigo ya moyo huongezeka kwa kati ya asilimia 20 na 100, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa saa 2 hadi 3. Mtu ambaye moyo wake hupiga mara 70 kwa dakika anaweza hivyo kufikia mapigo 100, 120 au zaidi akiwa ameketi tu barazani. Shinikizo la damu nalo hupanda kidogo akiwa amekaa au amelala, kisha linaweza kushuka ghafla anaposimama.

Moyo unaokwenda mbio huhitaji oksijeni zaidi. Wakati huohuo moshi huingiza mwilini kaboni monoksaidi, gesi inayojishikiza kwenye chembe nyekundu za damu mahali palipopaswa kukaa oksijeni. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1988 ulibaini kwamba uvutaji wa bangi uliongeza gesi hiyo katika damu karibu mara 5 kuliko uvutaji wa sigara ya kawaida, kwa sababu mvuta bangi huvuta moshi mwingi zaidi na huubana kifuani kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mahitaji ya moyo hupanda katika saa ileile ambayo ugavi wa oksijeni umeshuka. Kwa kijana mwenye mishipa mizima, jambo hilo linaweza kupita bila dalili. Kwa mtu ambaye mishipa ya moyo wake imekwisha kuwa myembamba, ni suala jingine.

Ushahidi wa hilo si wa jana. Mwaka 1974 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio lililofanywa kwa wagonjwa 10 waliokuwa wakipata maumivu ya kifua wanapojishughulisha. Baada ya kuvuta bangi, muda waliomudu kufanya mazoezi kabla maumivu hayajaanza ulipungua kwa asilimia 48. Walipovuta bangi iliyoondolewa THC, ulipungua kwa asilimia 9 tu. Mwaka 2001 uchunguzi wa wagonjwa 3,882 waliopatwa na shambulio la moyo nchini Marekani ulikadiria kwamba hatari ya shambulio hilo huongezeka mara 4.8 katika dakika 60 za kwanza baada ya kuvuta. Kati ya wagonjwa hao, ni 124 tu waliosema wametumia bangi katika mwaka uliotangulia, hivyo takwimu hiyo ichukuliwe kama onyo na si kama kipimo cha mwisho. Mwaka 2024 taarifa za watu wazima zaidi ya 430,000 nchini humo zilionyesha kwamba wanaotumia bangi kila siku walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata shambulio la moyo kwa asilimia 25, na kiharusi kwa asilimia 42, wakilinganishwa na wasiotumia. Tafiti za namna hii huonyesha uhusiano. Hazithibitishi peke yake kwamba kila tukio lilisababishwa na bangi.

Hayo ni madhara ya bangi yenyewe. Ikichanganywa na vidonge, linaingia jambo la pili, na hapo ndipo kiini cha makala haya kilipo.

Ini na foleni ya dawa

Sehemu kubwa ya dawa tunazomeza huvunjwavunjwa na vimeng'enya vilivyomo katika ini, kisha hutolewa mwilini. Mtu anaweza kuvifananisha na mizani ya magari katika barabara kuu. Lori moja likifika, hupimwa na kupita. Yakifika mengi kwa pamoja, foleni hujipanga. THC na CBD hupita katika mizani ileile inayopitiwa na dawa nyingi za moyo, na CBD hasa huweza kuifunga mizani kwa muda.

Matokeo yake hutegemea aina ya dawa. Iwapo ni dawa inayofanya kazi ikiwa nzima, kuchelewa kuvunjwa kwake kunaifanya irundikane katika damu, na mgonjwa aliyemeza kidonge kimoja anakuwa kama aliyemeza viwili. Iwapo ni dawa ambayo lazima kwanza ibadilishwe na ini ndipo ifanye kazi, anakuwa kama hakumeza kitu. Hatari hizi mbili zinakwenda pande tofauti, na mgonjwa hawezi kuzitambua kwa jinsi anavyojisikia.

Warfarini: dawa isiyovumilia siri

Miongoni mwa dawa zote za moyo, warfarini ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu. Hapa nchini inatumiwa na watu wengi ambao bado ni vijana. Sababu mojawapo ni ugonjwa wa valvu za moyo unaotokana na homa ya rumatiki, ambayo huanza na maambukizi ya koo yasiyotibiwa ipasavyo utotoni, yale ambayo nyumbani tunayaita mafindofindo. Valvu zikiharibika kabisa, mgonjwa hufanyiwa upasuaji katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) au kwingineko, na akiwekewa valvu ya chuma hutakiwa kutumia warfarini maisha yake yote. Wengine huitumia kwa sababu mapigo ya moyo wao hayana mpangilio, au kwa sababu damu iliwahi kuganda katika mishipa ya mguu au mapafu.

Dawa hii hupimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR. Mtu asiyetumia dawa huwa na INR ya karibu 1. Wagonjwa wengi wa warfarini hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Wenye valvu ya chuma upande wa kushoto wa moyo, kwenye valvu iitwayo mitro, kwa kawaida kati ya 2.5 na 3.5. INR ikishuka chini ya hapo, damu inaweza kuganda juu ya valvu, na bonge liking'oka hukimbilia kwenye ubongo. Ikipanda mno, damu hukataa kuganda: puani, kwenye ufizi, tumboni, na pabaya kuliko pote, ndani ya fuvu la kichwa. Uwanja wa usalama ni mwembamba kiasi kwamba wagonjwa huelekezwa hata namna ya kula mchicha, kisamvu na matembele, kwa kuwa vitamini K iliyomo katika mboga hizo hupunguza nguvu ya dawa. Ni ajabu kiasi kwamba mgonjwa anayeogopa kuongeza kijiko cha kisamvu anaweza kuvuta misokoto miwili jioni bila kuwaza lolote.

Mwaka 2009 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa ya mwanamume wa miaka 56, mwenye valvu ya chuma, ambaye alikuwa ametumia warfarini kwa miaka 11. Alilazwa akitokwa na damu tumboni, INR yake ikiwa 10.41. Alitibiwa na kuruhusiwa. Siku 15 baadaye alirudishwa akitokwa na damu puani isiyokoma na mwili ukiwa na michubuko, INR ikiwa 11.55. Ilibainika kwamba katika kipindi cha matukio yote mawili alikuwa ameongeza uvutaji wa bangi kutokana na sonona. Alipopewa ushauri aliamua kuacha, na katika miezi 9 iliyofuata hakupata tena tukio kubwa la kutokwa na damu. Taarifa nyingine, ya mwaka 2017, ilimhusu mgonjwa wa miaka 44 aliyekuwa akipewa CBD kama tiba ya kifafa. Ili INR yake ibaki mahali pake, dozi ya warfarini ililazimika kupunguzwa kwa karibu asilimia 30. Mgonjwa huyo hakuwa mvutaji, alikuwa akitumia CBD iliyotengenezwa kama dawa. Tofauti kati yake na yule wa kwanza ni kwamba madaktari wake walijua, wakapima damu mara kwa mara na kubadilisha dozi mapema.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao husahaulika. Mtu aliyekuwa akivuta kila siku, na daktari akampangia dozi ndogo kwa kuwa INR ilionekana iko juu, akiacha bangi ghafla bila kusema, dozi ileile huwa haimtoshi tena. INR hushuka, na valvu yake hubaki bila kinga. Anayevuta mwisho wa wiki tu na kuacha siku nyingine naye huwa na INR inayopanda na kushuka bila sababu inayoonekana kwenye faili. Daktari atabadilisha dozi mara hii, mara ile, na huenda akamshutumu mgonjwa kwa kusahau vidonge.

Dawa mpya za kuzuia damu kuganda, kama vile rivaroksabani na apiksabani, hazihitaji kipimo cha INR. Wengi huziona ni nafuu kwa sababu hiyo. Lakini nazo kwa sehemu hupita njia zilezile za kutolewa mwilini, na kwa kuwa hazipimwi mara kwa mara, zikirundikana hakuna karatasi ya maabara itakayomtahadharisha mtu kabla damu haijaanza kutoka.

Mshipa uliozibuliwa

Mgonjwa aliyezibuliwa mshipa wa moyo na kuwekewa stenti, kifaa kidogo mfano wa springi kinachoushikilia mshipa uwe wazi, hupewa aspirini pamoja na klopidogreli ili chembe sahani zisishikane juu ya kifaa hicho. Klopidogreli ni ile aina ya dawa isiyofanya kazi mpaka ibadilishwe na ini. Kimeng'enya kinachohusika zaidi na kazi hiyo ni miongoni mwa vile vinavyozuiwa na CBD. Mgonjwa humeza kidonge chake kila asubuhi bila kukosa, anahesabu siku, anahudhuria kliniki, na bado kinga inaweza kuwa pungufu. Miezi ya mwanzo baada ya kuwekewa stenti ndiyo ya hatari zaidi, na stenti ikiziba ghafla, matokeo yake ni shambulio kubwa la moyo.

Dawa za presha na za kutuliza mapigo

Atenololi, propranololi, bisoprololi na karvediloli hutolewa ili moyo upunguze kasi. THC husukuma upande wa pili. Tatizo la kila siku hapa si mvutano huo peke yake, bali ni jinsi unavyompotosha daktari. Mgonjwa aliyevuta asubuhi kabla ya kuja kliniki hukutwa na mapigo ya haraka. Daktari huongeza dozi. Siku ambayo hakuvuta, dozi hiyo kubwa hubaki peke yake mwilini, na moyo unaweza kwenda polepole kupita kiasi, mgonjwa akawa mchovu, mwenye kizunguzungu, au akazimia.

Amlodipini na nifedipini hutanua mishipa. Furosemidi na haidroklorothiazidi hupunguza maji mwilini. Kidonge cha kuweka chini ya ulimi wakati wa maumivu ya kifua nacho hutanua mishipa, tena kwa haraka. Bangi, kama ilivyoelezwa, hushusha shinikizo la damu mtu anaposimama. Zikijumlishwa, mzee anayeamka saa 8 usiku kwenda msalani anaweza kuanguka kabla hajaufikia mlango. Akiwa anatumia pia warfarini na akagonga kichwa sakafuni, damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu polepole kwa saa au siku kadhaa, huku yeye akisema hajambo. Mzee wa namna hii apelekwe hospitali hata kama anakataa.

Dawa nyingine zinazohitaji tahadhari ni digoksini na amiodaroni, ambazo zikizidi kidogo tu katika damu huvuruga mpangilio wa mapigo. Na simvastatini na atovastatini za kupunguza mafuta katika damu, ambazo zikirundikana huweza kuleta maumivu ya misuli na kuidhuru. Ushahidi kuhusu dawa hizi ni mchache kuliko ule wa warfarini, na unatokana zaidi na uelewa wa jinsi zinavyovunjwa mwilini. Chama cha Magonjwa ya Moyo cha Marekani, katika tamko lake la kitaalamu la mwaka 2020, kilitaka wagonjwa wawe wazi kwa madaktari wao kuhusu matumizi ya bangi kwa sababu ya mwingiliano huo.

Keki, mafuta na skanka

Wapo wanaodhani kwamba hatari iko katika moshi, na kwamba bangi ikiliwa au ikinywewa haina neno. Ni kweli kwamba anayekula haingizi kaboni monoksaidi. Lakini bangi ya kula hupita moja kwa moja kwenye ini, huchukua kati ya nusu saa na saa 2 kabla ya kuhisiwa, na ikishaanza hudumu kwa saa nyingi. Asiyeona matokeo ndani ya nusu saa huongeza kipande kingine. Mwaka 2019 jarida la magonjwa ya moyo la Kanada lilieleza kisa cha mwanamume wa miaka 70, mgonjwa wa mishipa ya moyo ambaye hali yake ilikuwa imetulia, aliyelamba sehemu kubwa ya pipi ya kijiti yenye miligramu 90 za THC akitafuta nafuu ya maumivu na usingizi. Dozi ya kuanzia ya THC inayotolewa kama dawa ni takribani miligramu 2.5. Alipatwa na hofu kubwa, kisha maumivu ya kifua, na vipimo vikathibitisha shambulio la moyo.

Kisa hicho kinatuhusu kwa njia ambayo haionekani upesi. Ndugu waishio Ulaya na Amerika, katika maeneo ambako bidhaa hizi zinauzwa dukani, huweza kuja likizo na kichupa cha mafuta ya CBD au pakiti ya pipi kwa ajili ya magoti ya mama au usingizi wa baba. Nia ni njema. Kisheria, uhalali wa kitu huko kilikonunuliwa hauhamii hapa pamoja na mzigo. Kitabibu, mzazi mwenye miaka 70 na vidonge vitano kwa siku ndiye mtu ambaye hafai kabisa kujaribiwa.

Vilevile bangi ya leo si ile ya zamani. Aina inayojulikana mitaani kwa jina la skanka, ambayo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA) imekuwa ikiikamata na kuionya jamii dhidi yake, ina THC kwa kiwango kikubwa zaidi. Mtu aliyezoea msokoto wa miaka ya nyuma hana namna ya kujua kiasi kilichomo katika msokoto wa leo.

Kabla ya upasuaji au kipimo chenye dawa ya usingizi

Mwenye kuvuta mara kwa mara anaweza kuhitaji dawa nyingi zaidi ili alale. Katika utafiti uliofanywa jimbo la Colorado na kuchapishwa mwaka 2019, wagonjwa waliotumia bangi kila siku au kila wiki walihitaji dawa ya midazolamu zaidi kwa asilimia 20, na propofoli zaidi kwa asilimia 220, kuliko wasiotumia, kwa ajili ya kipimo kilekile. Dawa hizo hushusha shinikizo la damu, na kadiri zinavyoongezwa ndivyo moyo dhaifu unavyoelemewa. Mwongozo uliotolewa na wataalamu wa Marekani mwaka 2023 unataka kila mgonjwa aulizwe kuhusu bangi kabla ya upasuaji, na upasuaji usio wa dharura uahirishwe kwa saa 2 au zaidi iwapo mgonjwa amevuta.

Wakati wa kuacha

Kosa moja linastahili kutajwa kwa msisitizo. Baadhi ya wagonjwa, wakiisha kusikia kwamba bangi na vidonge havipatani, huacha vidonge siku wanayotaka kuvuta. Wanadhani wamekwepa mchanganyiko. Hawajaukwepa, kwa kuwa THC na CBD hujihifadhi katika mafuta ya mwili na kutoka taratibu. Kwa mvutaji wa kila siku mabaki yake yanaweza kuonekana kwa wiki kadhaa. Na kuacha dawa ya moyo ghafla kuna hatari yake yenyewe: anayekatisha atenololi au propranololi anaweza kupandisha mapigo na presha kwa kishindo, na valvu ya chuma isiyo na warfarini huweza kuganda damu. Kinachopaswa kuachwa ni bangi, na vidonge viendelee kumezwa kama vilivyoandikwa.

Kuacha bangi hakuhitaji dawa mbadala, na kwa kweli haipo, tofauti na heroini ambayo waraibu wake wamekuwa wakipatiwa methadoni hapa nchini tangu mwaka 2011. Mvutaji wa muda mrefu atarajie hasira za karibu, kukosa usingizi na hamu ya kula kupungua, hasa katika wiki ya kwanza. Kwa baadhi ya watumiaji wakubwa shinikizo la damu hupanda siku hizo, na ndiyo maana mgonjwa wa moyo aache akiwa chini ya uangalizi na apimwe presha mara kwa mara. Huduma za ushauri hupatikana katika vitengo vya afya ya akili vya hospitali za rufaa za mikoa na katika Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma. DCEA hupokea simu bila malipo kupitia namba 119.

Yapasayo kusemwa kliniki

Maadili ya taaluma yanamtaka mtoa huduma za afya atunze siri ya mgonjwa, na taarifa ya matumizi ya bangi huombwa kwa ajili ya tiba. Mgonjwa ana haki ya kuomba aliyefuatana naye asubiri nje. Inatosha kusema: "Daktari, kabla hujaniandikia dawa, kuna kitu kingine ninachotumia." Kisha aeleze anavuta au anakula, mara ngapi kwa wiki, mara ya mwisho ilikuwa lini, na kama hivi karibuni ameongeza, amepunguza au ameacha. Jambo hili la mwisho ndilo lenye uzito zaidi kwa anayetumia warfarini.

Mzigo huu si wa mgonjwa peke yake. Daktari wa miaka 28 huona haya kumuuliza mzee wa miaka 70, aliyemwamkia shikamoo muda mfupi uliopita, kama anavuta bangi. Swali likiulizwa kwa kila mgonjwa, pamoja na lile la sigara, pombe na mitishamba, linakuwa la kawaida na halimtuhumu mtu. Mfamasia naye ni mahali pazuri pa kuuliza. Athari yoyote isiyotarajiwa ya dawa iripotiwe kituoni ili ifikishwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Mgonjwa apelekwe haraka katika kituo cha afya kilicho karibu akipata maumivu ya kifua yanayobana au kusambaa hadi begani na taya, akikosa pumzi, akizimia, uso ukipinda upande mmoja au ulimi ukiwa mzito, akitapika damu, akipata choo cheusi mfano wa lami, akitokwa na damu puani isiyokoma, au akiumwa kichwa ghafla kuliko alivyowahi kuumwa. Anayempeleka achukue pakiti zote za dawa, pamoja na kadi ya kliniki ya INR kama ipo, na ikiwa anajua kwamba mgonjwa alivuta au alikula bangi siku hiyo, amweleze mhudumu wa mapokezi ya dharura hapohapo mlangoni.